Babu Haibii, Anaomba Herufi

SEHEMU YA 1

Najua niliahidi wiki hii tuanze habari za chakula cha nyongeza baada ya miezi sita. Tutaanza, msijali. Ila Jumapili kuna jambo limetokea hapa nyumbani Ihumwa, na tangu siku hiyo linanizunguka kichwani hata nikiwa wodini. Naomba niliseme kwanza. Ni maoni yangu tu, mtu anaruhusiwa kunibishia.

Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku. Nimefika, nimeoga, nimekaa barazani na chai, macho mekundu. Baba yangu, ambaye kwa watoto ni babu, alikuwa na gazeti lake. Siasa anasoma dakika kumi, michezo dakika tano, halafu saa nzima inaishia kwenye chemshabongo. Ile ya viboksi vyeupe na vyeusi, unasoma swali, unajaza neno, herufi moja kiboksi kimoja.

Siku hiyo alikuwa amekwama. Swali la kulala lilisema: "Chombo cha kupepetea nafaka", viboksi vinne. Mwanzo U, mwisho O. Jamani, nani Dodoma hii hajui ungo? Mzee akajaza UNGO bila kufikiri mara mbili.

Sasa tatizo. Neno la kushuka lilipita kwenye kiboksi cha pili cha hilo neno. Swali: "Nafaka inayovumilia ukame", viboksi vitano. Uwele ulishakataa, kwa sababu mwisho kulikuwa na A. Mzee anajua ni MTAMA. Ila ile N ya UNGO imekaa pale pale inapotakiwa T. Ikawa inasomeka MNAMA.

"Mtama nimelima tangu nikiwa kama huyu mtoto," akasema kwa uchungu kweli, "leo gazeti linaniambia haupo!"

Nikachukua simu, nikauliza. Simu ikajibu kwa kujiamini kabisa: ungo. Asante, hilo tulishajua.

SEHEMU YA 2

Mzee akasimama, akaenda hadi kwenye ua wa michongoma, akamwita jirani. Huyu mama ni mtu wa Tanga, wamehamia huku miaka michache iliyopita.

"Hodi jirani! Hivi kwenu Tanga, ukiacha ungo, kinachopepetea nafaka mnakiitaje?"

Binti yangu wa darasa la tatu akaruka juu. "Mama! Mama! Babu anaibia!"

Mnaijua hiyo sauti. Ni ile ile ya darasani, mtoto anamshitaki mwenzake kwa mwalimu. Babu anaibia. Babu kauliza jibu, kwa hiyo babu ni mwizi.

Jirani naye kacheka huko aliko, akajibu: "Shikamoo mzee. Bibi yangu alikuwa anasema uteo. Nipe huo uteo nipepete mchele."

Mzee akasema marahaba, akarudi mbio mbio, akafuta NG, akaandika TE. U-T-E-O. Kiboksi cha pili kikawa T. Na MTAMA ukakaa mahali pake, umetulia kama uko shambani Chamwino.

Mzee alifurahi kama amevuna. Mtoto alinuna. Na mimi niliyekuwa nasinzia, usingizi ukaisha. Kwa sababu neno "anaibia" lilinichoma. Nikajiuliza, mtoto wangu kajifunza wapi kwamba kuuliza ni wizi? Nikatafuta wa kumlaumu, mwalimu, shule, nani. Nikakuta wa kwanza ni mimi. Ni mimi ninayemwambia kila jioni, "Fanya mwenyewe, usiniulize ulize."

SEHEMU YA 3

Maoni yangu ndiyo haya: kuomba msaada kwenye chemshabongo si wizi. Chemshabongo ya Kiswahili ndivyo ilivyo. Haimaliziki na mtu mmoja, na haikuwa lazima imalizike na mtu mmoja.

Fikirini. Kiswahili hiki ni cha nani? Kuna maneno ya Unguja, kuna ya Mrima, kuna ya Tanga, kuna yaliyozaliwa huku bara. Baba yangu ni Mgogo. Kiswahili alikipata shuleni na kazini, na amekimudu vizuri tu. Ila uteo angeukutia wapi? Hapa kwetu Ihumwa tunasema ungo, basi. Hakukosa akili. Alikosa jirani wa Tanga.

Na hapa ndipo naona raha ya mji wetu siku hizi. Ihumwa niliyokulia mimi ilikuwa kituo cha reli ya kati, mashamba ya mtama na karanga, na vumbi. Tangu 2016 Serikali ilipotangaza inahamia Dodoma kweli kweli, na Mji wa Serikali ukajengwa pale Mtumba, majirani wamebadilika. Ukipita mtaani utamkuta mtu wa Songea, mtu wa Mara, Mpemba anayeuza maandazi, Mhaya anayejenga. Wengine tunalalamika viwanja vimepanda bei. Sawa, vimepanda. Ila kila ua sasa una kamusi yake inayotembea.

Kamusi ya karatasi nayo ipo. Ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya kwanza ya wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka 1981, na hata yeye mwenye kamusi hakukaa peke yake chumbani akabuni maneno. Maneno yalikusanywa kwa watu. Yaani kabla ya kuwa kitabu, kamusi ilikuwa maswali waliyoulizwa watu.

SEHEMU YA 4

Hebu niwape historia kidogo, maana nami nilikuwa sijui, nikasoma.

Chemshabongo hii ya viboksi haijaanza juzi. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilitoka Desemba 21, 1913 kwenye gazeti la New York World kule Marekani. Aliyeitunga aliitwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Ilikuwa na umbo la almasi. Watu wakaipenda balaa.

Mwaka 1924 ndipo Simon & Schuster wakatoa kitabu cha kwanza kilichojaa chemshabongo tupu. Na kitabu hicho kiliuzwa kikiwa kimefungiwa penseli. Penseli, siyo peni! Mchapishaji alijua kabisa mnunuzi atakosea, na kukosea kulishawekwa kwenye bei.

Mwaka huo huo wa 1924 gazeti kubwa la New York Times liliikejeli, likaiona ni kupoteza muda. Lenyewe halikuchapisha yake mpaka Februari 1942, wakati wa vita, watu wakiwa na mawazo mengi. Wakubwa nao hubadili msimamo. Hata wao walihitaji penseli.

Sasa angalieni daftari za watoto wetu. Peni. Kosa linakatwa kwa wekundu, linabaki pale mwaka mzima. Simlaumu mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake, kazi yake naijua, inafanana na yangu. Nasema tu kwamba nyumbani tunaweza kuwa na penseli. Nyumbani mtoto aweze kuandika ungo, ikakataa, akafuta, akauliza, akaandika uteo, na asipigiwe kelele.

SEHEMU YA 5

Ila subirini. Wapo watakaosema, "Nesi, unatufundisha uvivu. Mtoto akizoea kuuliza hatafikiri." Hoja hiyo naiheshimu. Ina ukweli ndani yake.

Na jibu lake wazee wetu walishatupa zamani, kwenye vitendawili. Mnakumbuka inavyokwenda?

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."

Watu wanabahatisha. Chungu? Hapana. Kaburi? Hapana. Wakichoka wanasema tumeshindwa. Je, mtegaji anawacheka na kuondoka? Hapana. Je, anawapa jibu bure? Hapana pia. Anasema: "Nipeni mji!" Mnampa mji. "Nenda Kondoa." Naye anakwenda Kondoa kwa maneno, anakula vizuri, anasifiwa huko, anawatania nyie mliobaki, halafu ndiyo anarudi na jibu: yai.

Mimi naona kuna busara kubwa pale. Kushindwa kumewekewa nafasi yake ndani ya mchezo. Unajaribu kwanza. Ukishindwa unasema wazi umeshindwa. Unalipa mji. Unapata jibu. Na kesho kitendawili hicho ukikikuta unakijua, unakitega wewe. Hakuna aliyeitwa mwizi.

Kwa hiyo hapa nyumbani tumeweka utaratibu tangu Jumapili ile. Nawapa, atakayependa achukue:

Kwanza, ruka. Neno likikataa, nenda kwenye lingine. Ukijaza mengine, herufi zake zitakusaidia kwenye lile lililokataa. Mara nyingi msaada wa kwanza uko kwenye karatasi ile ile.

Pili, tumia lugha yenyewe. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo kiboksi cha mwisho mara nyingi ni a, e, i, o au u. Swali likiuliza kitendo, jaribu kuanza na KU. Swali likiwa la wingi, angalia kama jibu halianzi na VI, MA au WA. Mtoto akijua hivyo, hajapewa jibu, ila kapewa pa kushika.

Tatu, omba herufi. Usiombe neno. Sema, "Nipe herufi ya pili." Na wewe mama unayeombwa, toa herufi, nyamaza. Najua inauma kunyamaza wakati jibu unalo mdomoni. Nyamaza tu.

Nne, ukishindwa kabisa, toa mji. Hapa kwetu mtoto anayetaka neno zima anamtaja mji wa Tanzania na kitu kimoja anachokijua kuhusu mji huo. Binti yangu kamaliza Dodoma, Moshi na Kigoma, sasa kaanza kuuliza watu miji mingine ili awe na akiba. Mnaona? Kwenda kutafuta cha kulipia msaada nako kumekuwa masomo.

Tano, simu iwe ya mwisho. Siichukii, naitumia, hata haya nayaandika humo. Ila simu haioni viboksi vyako. Ilituambia ungo, na ungo ni neno sahihi kabisa la Kiswahili. Halikuwa neno la pale.

SEHEMU YA 6

Na hapo ndipo naingia kwenye kilichoniamsha usingizini siku ile. Hii sehemu ni nzito kidogo. Wadogo zangu mliojifungua karibuni, someni hadi mwisho.

Kwenye viboksi, jibu moja linakaguliwa na jingine. UNGO ilionekana sawa mpaka MTAMA ulipokataa. Bila lile neno la kushuka, mzee angekufa akiamini ni ungo. Msaada wowote, uwe wa jirani, wa simu, wa kamusi, unahitaji neno la kushuka la kuukagua.

Sasa nikakumbuka kosa langu mwenyewe. Ni zamani kidogo, na nimebadilisha mambo ili mhusika asijulikane. Mama mmoja kijana, mtoto anaharisha. Nikampa maji ya chumvi chumvi, zile pakiti za ORS, na zinki. Foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, mimi nimechoka. Nikamweleza haraka haraka: changanya kwenye lita moja ya maji safi, mpe kidogo kidogo. Nikamuuliza, "Umeelewa mama?" Akasema, "Ndiyo." Nikasema, "Haya, anayefuata."

Nilijaza kiboksi. Sikukagua.

Yule mama hakujua lita moja nyumbani kwake ni kipi. Aliona aibu kuuliza mbele ya watu. Pengine naye aliambiwa utotoni kwamba anayeuliza ni mjinga, au anaibia. Alipofika nyumbani alichanganya pakiti nzima kwenye kikombe kimoja cha chai. Kwa mtoto mdogo, chumvi nyingi namna hiyo ni hatari, kwa kweli ni hatari. Walirudi kesho yake mtoto ana kiu kali, analialia, hatulii. Tulimhudumia, Mungu saidia akapona. Mama yake alilia akasema, "Nesi, nilitaka kuuliza."

Nilitaka kuuliza. Maneno hayo sitayasahau.

Kosa lilikuwa langu kwanza. "Umeelewa?" ni swali baya, kwa sababu jibu lake ni ndiyo siku zote. Siku hizi siulizi hivyo. Nasema, "Mama, nionyeshe ukifika nyumbani utafanyaje." Akinionyesha kikombe, nalijua pale pale, tunafuta kwa penseli, tunaanza upya. Hilo ndilo neno langu la kushuka.

Na kwa sababu nimeligusa, niwaachie wazi wazi: pakiti nyingi za ORS ni za lita moja, ila soma maandishi ya pakiti yako, na kama huwezi kusoma, uliza. Lita moja ni chupa ile ya maji ya dukani iliyoandikwa lita moja, ikijaa. Chukua chupa hiyo, ioshe, iwe kipimo chako. Maji yawe safi na salama. Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga, tengeneza mwingine. Mpe mtoto kidogo kidogo, hasa kila anapoharisha. Usiache kunyonyesha. Zinki mpe siku zote ulizoambiwa, hata kama kuharisha kumekoma.

SEHEMU YA 7

Mtasema nesi kaanza na gazeti kaishia na kuharisha. Ni kweli. Ila kwangu mimi ni kitu kimoja.

Mtoto anayeitwa mwizi kwa kuomba herufi, atakua awe mama anayesema "ndiyo" asichokielewa. Atakua awe baba anayekaa na maumivu ya kifua wiki nzima kwa sababu mwanaume haulizi. Sijatoa haya kwenye utafiti. Nimeyaona kwenye benchi la hospitali, miaka yangu yote ya kuvaa hii sare nyeupe.

Ndiyo maana napenda babu aonekane akiuliza. Mwenye mvi, mwenye heshima zake, anasimama uani mchana kweupe na kusema sijui, nisaidie. Binti yangu anahitaji kuiona hiyo picha kuliko anavyohitaji kuona babu aliyemaliza viboksi vyote peke yake kimya kimya.

Na nyie akina mama, jioni mkikaa na mtoto na chemshabongo ya gazeti, au hata mliyochora wenyewe kwenye daftari, mruhusuni awaone mkikwama. Semeni kwa sauti, "Hapa mama hajui. Twende tukamuulize nani?" Hilo swali la mwisho ndilo zuri. Twende tukamuulize nani. Mtoto akilizoea, hata siku moja akiwa na mimba na kichwa kinamgonga na macho yanaona maluweluwe, hatakaa ndani akisubiri. Atajua wa kumuuliza.

Ila kuna tofauti moja, na naomba iwaingie. Kwenye gazeti tunajaribu kwanza, tunaruka, tunaomba herufi, tunalipa mji. Hatuna haraka. Kwa mtoto mgonjwa hatuendi hivyo. Mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, macho yamezama, kinyesi kina damu: usibahatishe, usizunguke mitaani kuomba herufi. Njoo moja kwa moja kituo cha afya, usiku au mchana. Na ukifika ukiambiwa kitu usichokielewa, sema, "Nesi, rudia." Nesi akikunja uso, sema tena, "Nesi, rudia." Ni haki yako.

Fumbo la gazeti linasubiri kesho, na kesho majibu yatachapishwa. Mtoto anayeharisha hana kesho ya kuchapishiwa majibu.

Mzee wangu leo asubuhi kakwama tena. "Sehemu ya mashua", viboksi vinne, mwanzo T. Huku kwetu Ugogoni, bahari tunaisikia redioni tu. Binti yangu kamwangalia, mimi nikanyamaza nione. Akasema, "Babu, twende kwa bibi wa Tanga. Ila wewe ndiye utoe mji."

Wametoka wameshikana mikono. Wenye jibu msiliandike hapa, andikeni herufi moja tu. Wiki ijayo chakula cha nyongeza, naahidi.

Nesi wenu wa Ihumwa